Juliasi Kaizari kwa waigizaji 12 na dakika 90: kundi la Shakespeare lilikuwa likifanyaje?

MleziWaSanaa aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia klabu ya sanaa za maonyesho katika shule ya sekondari. Muhula ujao tunataka kuigiza Juliasi Kaizari kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Nina wanafunzi 12, wasichana 7 na wavulana 5. Ukumbi hauna pazia wala taa za jukwaani, na muda tuliopewa ni dakika 90, hakuna nyongeza. Wahusika wanaosema humo ndani wanapita 40.

Nasikia kundi la Shakespeare mwenyewe lilikuwa dogo, halikuwa na mandhari ya kuchora, na lilikuwa likibadilisha mchezo kila siku. Waliwezaje? Naomba mnisaidie pia nipunguze wapi bila kuua mchezo, nani abebe nafasi zipi, na damu ya pale Baraza la Seneti niifanyeje wakati maleba ni ya kuazima. La mwisho: wanafunzi wananibana kila kipindi kwamba Shakespeare hakuandika yeye, aliandikiwa na mkubwa fulani. Niwajibu nini chenye ushahidi?

---

Nyuma_ya_Pazia alijibu:

Mwalimu, umechagua mchezo unaokufaa kabisa kwa hali hiyo. Juliasi Kaizari ni kati ya michezo ya mwanzo kabisa kuchezwa katika jumba la Globe, na tunaye shahidi. Msafiri Mswisi, Thomas Platter, alivuka mto Thames tarehe 21 Septemba 1599, akaingia kwenye nyumba yenye paa la nyasi mnamo saa nane mchana, akaona mkasa wa Kaizari ukichezwa na watu wapatao 15. Baada ya Kaizari, Brutus na Cassius wote kufa, waigizaji wanne wakacheza ngoma, wawili wamevaa kiume na wawili kike. Kwa hiyo 12 wako si wachache wa kutisha.

Saa nane mchana maana yake ni mwanga wa jua. Taa hakuna, pazia hakuna, na watazamaji wanaonekana sawasawa na waigizaji. Mambo matatu yametokana na hali hiyo, na yamo ndani ya maandishi yenyewe. Kwanza, usiku hutangazwa kwa maneno na kwa kitu cha kushika mkononi: mle Brutus asipolala, mtumishi wake Lucius anaagizwa mshumaa; mzimu wa Kaizari unapotokea, Brutus analalamika kwamba mshumaa unawaka vibaya. Usizime taa za ukumbi. Mpe mtoto mshumaa au kibatari, na kila mtu ataelewa ni usiku. Pili, kila maiti ina mbebaji wake. Kwa kuwa hapakuwa na pazia la kuangusha, maiti ingebaki imelala hadi lini? Ndiyo maana mwishoni mwa onyesho la kuuawa, Antony anamwambia mtumishi wa Octavius amsaidie kubeba. Mkifuta mstari huo kwa kudhani hauna kazi, mtajikuta Kaizari anainuka mwenyewe na kutoka, na ukumbi utacheka. Tatu, hakuna kusubiri kati ya onyesho na onyesho. Wa kwanza akitoka mlango wa kushoto, wa pili ameshaingia wa kulia. Chapa ya kwanza ya mchezo huu, ya mwaka 1623, imegawanywa sehemu tano tu; mgawanyo wa maonyesho madogo madogo mnaouona vitabuni ni kazi ya wahariri waliofuata. Vikundi vya shule hupoteza hadi robo saa kwa kuhamisha viti. Weka benchi moja na kisanduku imara kimoja, viwe vinakaa jukwaani mwanzo mwisho.

Kuhusu kubadilisha mchezo kila siku, ni kweli. Kumbukumbu za hesabu za Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose, zinaonyesha kwamba kundi la Lord Admiral katika msimu wa 1594 hadi 1595 lilicheza michezo 38, na 21 kati ya hiyo ilikuwa mipya. Siku sita kwa wiki. Kundi la Shakespeare lilikuwa likishindana na hao hao, kwa hiyo nalo halikuwa na nafasi ya kupumzika. Waliweza kwa sababu ya vifaa vitatu.

Cha kwanza ni kitabu, nakala moja tu kamili, yenye kibali cha mkaguzi wa michezo wa kifalme, inayoshikwa na mkumbushaji. Cha pili ni karatasi ya mwigizaji. Mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa maneno yake peke yake, na kabla ya kila usemi maneno mawili hadi manne ya mwisho ya anayemtangulia, basi. Kunakili ilikuwa kazi ya mkono na karatasi ilikuwa ghali, na tena nakala kamili ikizagaa inaweza kuibwa na kuchapwa. Vipande hivyo viligundishwa na kuviringishwa. Umebaki mmoja, wa mwigizaji Edward Alleyn katika mchezo wa Orlando Furioso, umehifadhiwa chuo cha Dulwich kusini mwa London. Cha tatu ni ramani ya kuingia: karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye ubao wenye tundu juu, ikatungikwa nyuma ya jukwaa, imeandikwa nani anaingia, lini, na ameshika nini. Dulwich wanayo mfano wake pia.

Hiyo ya tatu ndiyo nakushauri uianze kesho. Chukua karatasi ya manila, chora mstari baada ya kila kuingia, andika jina la mwanafunzi (si la mhusika), nafasi anayocheza wakati huo, nguo anayobadili, na kitu anachobeba. Itungike pale wanaposubiria. Ukiwa na watu 12 wanaobeba nafasi 25 au 30, kosa litakalowaua ni la mtu kukaa nyuma akidhani zamu yake bado. Maneno wakiyasahau, yanazibika.

---

MsomaFolio alijibu:

Naunga mkono hapo juu, ila kwenye karatasi za mwigizaji mmoja mmoja nisingeharakisha. Waliozitumia walikuwa watu wa kazi, wanaishi jukwaani, wengine tangu utotoni. Mwanafunzi asiye na mchezo mzima mkononi hatajua anazungumza na nani wala atangoje muda gani, na maneno ya kidokezo yakijirudia mara mbili atachomoka mapema. Zitumie kama zoezi kwa onyesho moja, lile la ugomvi wa Brutus na Cassius kambini. Kila mmoja apewe karatasi yake tu, wakae wakiangaliana, wasome. Utaona wanaanza kusikilizana kweli, maana usiposikiliza hujui zamu yako. Na vidokezo mvitoe kwenye maandishi ya Kiswahili. Usivihamishe kutoka Kiingereza, kwa sababu neno la mwisho la mstari halibaki pale pale likishatafsiriwa.

Sasa maandishi. Una bahati. Hamlet ina chapa tatu zinazopingana: ya 1603 ambayo ni fupi na imevurugika, ya 1604/5 ambayo ni ndefu karibu maradufu, na ile ya 1623. Wataalamu wanagombana mstari kwa mstari. Juliasi Kaizari haikuchapwa hata mara moja Shakespeare akiwa hai. Tunayo kupitia mlango mmoja: Folio ya 1623, kile kitabu kikubwa kilichokusanywa na waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, miaka saba baada ya yeye kufa. Humo mna michezo 36, na nusu yake, 18, haikuwa imechapwa kabla. Heminges na Condell wasingejisumbua, leo hatungekuwa na Makbeth, Tufani, wala huu wenu. Nakala zilizobaki duniani ni kama 235.

Ni chapa safi, ina fundo moja tu la kuwasumbua. Katika onyesho la kambini, kifo cha Portia kinatajwa mara mbili. Kwanza Brutus mwenyewe anamwambia Cassius kwamba mkewe amekufa. Dakika chache baadaye Messala anakuja na habari, Brutus anajifanya hajui, anaambiwa, anaipokea kwa utulivu wa ajabu. Wapo wanaosema Shakespeare aliandika upya na mchapaji akaacha matoleo yote mawili. Wapo wanaosema Brutus anaigiza ujasiri mbele ya maofisa wake. Kwa dakika 90, futa mara ya pili. Ya kwanza ina uchungu, na inakuja mara tu baada ya ugomvi, ndipo Cassius anaposhangaa jinsi alivyoponea chupuchupu kuuawa kwa kumchokoza mtu mwenye msiba kama huo.

Kuhusu tafsiri: Mwalimu alichapisha ya kwanza 1963 akiwa tayari ni rais, kisha akaipitia upya na kuitoa tena 1969, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi. Hakikisheni wote mnatumia toleo moja, maana maneno yamebadilika, na mkichanganya vitabu, vidokezo havitakutana. Jingine ambalo walimu wengi hulisahau ni haki. Shakespeare ni wa wote, lakini tafsiri ina mwenyewe. Mwalimu alifariki 1999, na haki huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo. Kwa darasani hakuna shida, ila mkitoza kiingilio au mkirekodi video na kuiweka mtandaoni, waandikieni wachapishaji kwanza.

---

Nyuma_ya_Pazia alijibu:

Sawa, kwenye karatasi nakubali, zoezi tu. Twende kwenye kupunguza na kugawa nafasi.

Mchezo mzima ni mistari ipatayo 2,500, yaani ni mfupi ukilinganisha na Hamlet. Brutus pekee ana zaidi ya 700, Cassius kama 500, Antony zaidi kidogo ya 300, na Kaizari, mwenye jina la mchezo, hafiki hata 160. Anauawa mchezo haujafika nusu. Kwa dakika 90, ukihesabu na miguu ya kuingia na kutoka, lenga mistari 1,500. Usikisie kwa kurasa. Shika saa, someni kwa sauti onyesho moja la wengi na moja la wawili, halafu upige hesabu kutokana na wasomaji wako mwenyewe.

Pa kukata bila maumivu: mazungumzo ya Casca na Cicero kwenye dhoruba (bakiza ishara mbili tatu za ajabu, simba barabarani na mtumwa ambaye mkono unawaka moto bila kuungua), mshairi anayeingia kambini kuwapatanisha wakati wameshapatana, Lucilius anayejifanya Brutus vitani, na hotuba nyingi za Cassius za kumshawishi Brutus, ambazo hurudia hoja ile ile kwa mifano tofauti. Mfano wa Kaizari kuzama mto Tiber uache, huo ndio wenye wivu ndani yake.

Pa kutokata: lile onyesho fupi la Cinna mshairi, anayeuawa na umati kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mla njama. Halifiki hata mistari 40. Wengi hulitupa kwa kuwa halina mtu maarufu. Lakini bila hilo, hotuba ya Antony inabaki ufundi wa kusema, na watazamaji wanampigia makofi wakaishia hapo. Lenyewe linaonyesha makofi yale yamezaa nini. Orson Welles alipoutoa mchezo huu New York mwaka 1937, kwa mavazi ya zama zake za kifashisti, onyesho hilo ndilo lililozungumzwa kuliko mengine. Vilevile usikate pale Antony, Octavius na Lepidus wanapoketi kuandika majina ya watakaouawa. Wanabadilishana roho za ndugu zao kama bidhaa, halafu Antony anapanga kupunguza urithi aliowatangazia raia. Zile drakma 75 kwa kila Mrumi, kumbe!

Nafasi, kwa watu 12:

Brutus, Cassius na Antony kila mmoja abaki na mmoja wake. Wana mzigo wa kutosha.

Wa nne: Kaizari, kisha mzimu, na mwishoni awe Strato, yule anayemshikia Brutus upanga. Watazamaji wataona sura ya Kaizari ndiyo iliyomshikia upanga, na hakuna atakayehitaji maelezo.

Wa tano: Casca, kisha Octavius. Casca hasemi tena baada ya onyesho la mauaji, na Octavius haonekani mpaka sehemu ya nne. Wa sita: Decius, Lepidus, Messala. Wa saba: Cinna mla njama, kisha Titinius. Mpe Cinna pia kazi ya Trebonius ya kumtoa Antony nje kabla ya visu kutoka, kwa hiyo kile kilio cha uhuru baada ya Kaizari kuanguka apewe Metellus.

Wa nane: Portia na Calpurnia. Inawezekana kwa sharti moja. Kwenye maandamano ya mwanzo Portia ameandikwa anaingia, lakini hasemi neno hata moja. Mfute hapo. Baadaye Portia anatoka, Ligarius anazungumza na Brutus mistari kama 25, Kaizari anaanza onyesho lake, ndipo Calpurnia anaingia. Kubadilisha mtandio na kilemba kunatosha. Gauni zima halitoshi muda.

Wa tisa: Lucius na watumishi wote, wa Kaizari, wa Antony, wa Octavius. Wa kumi: mtabiri, Cinna mshairi, Pindarus. Tafadhali usimpe mtu mmoja Cinna wote wawili. Mchezo unadai kwamba si mtu yule yule, nanyi mtaonyesha sura ile ile! Wa kumi na moja: Flavius, Artemidorus, Lucilius. Wa kumi na mbili: fundi viatu wa mwanzo, Metellus, kisha askari wa mwisho mwisho. Ligarius ni kikwazo, kwa sababu anaingia na Metellus pamoja nyumbani kwa Kaizari. Ama mfute hapo, ama mpe wa kumi na moja.

---

Maleba alijibu:

Nije kwenye nguo na damu, maana hapo ndipo maonyesho ya Kaizari huharibika.

Usishone toga. Kundi la Shakespeare halikujaribu kuwavalisha Kirumi kamili. Maandishi yenyewe yanataja kizibao ambacho Kaizari anakifungua kifua wazi mbele ya umati, na wala njama wanaingia wamevuta kofia hadi masikioni, mavazi ya London ya 1599. Ipo picha ya kalamu ya zama zile, ya mchezo wa Titus Andronicus, ambapo mbele mtu amejifunga vazi la Kirumi na nyuma yake askari wamevaa kama Waingereza wa siku zao. Walichofanya ni kuvaa vizuri na kuongeza kitu kimoja cha kumtambulisha mtu. Na nguo ndizo zilizokuwa mtaji. Kwenye hesabu za Henslowe mchezo mpya ulinunuliwa kwa pauni kama 6, wakati joho moja la mahameli la Alleyn liligharimu zaidi ya pauni 20. Kwa hiyo ile hofu yako ya maleba ya kuazima hata wao walikuwa nayo.

Kwako: wote wavae suruali nyeusi na shati jeupe, na kila nafasi iwe na shuka au mgolole wa rangi yake. Wala njama rangi moja, Kaizari nyekundu peke yake, raia kitambaa cha kaniki. Kubadilisha nafasi ni kubadilisha shuka, sekunde kumi.

Damu. Waigizaji wa Shakespeare walitumia ya mnyama. Ramani ya jukwaani ya mchezo mmoja wa wapinzani wao imeagiza vichupa vitatu vya damu na viungo vya ndani vya kondoo. Nyie tumieni sukari. Chemsha vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji mpaka iwe nzito kama asali nyepesi, ipoe kabisa, tia rangi nyekundu ya chakula na tone moja la kahawa au kakao ili isiwe waridi. Rangi hiyo hushika kwenye pamba, kwa hiyo shuka la Kaizari la kuuawa liwe la kwenu, si la kuazima. Loweka sponji ndogo, ifiche kwenye mkunjo wa shuka kifuani. Visu vya mbao vilivyopakwa rangi ya fedha, ncha butu, na mchomo upite ubavuni upande usioonekana na watazamaji.

Tatizo kubwa ni la baadaye. Brutus anawaagiza wenzake waoshe mikono kwa damu ya Kaizari mpaka viwikoni. Onyesho linalofuata linahitaji raia, nao ni hao hao waigizaji wenu, wametapakaa nyekundu. Kwenye mgawo wa Nyuma_ya_Pazia wenye mikono safi ni wa nane, wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja. Hao ndio wawe raia wanne wanaosema, na bahati nzuri Folio imeandika raia wanne hasa kwa namba. Wa tisa bado yuko nyuma akisaidiana na Antony kumbeba Kaizari, lakini raia wa nne hasemi peke yake mpaka Brutus amalize hotuba yake. Anao muda wa kuingia polepole kupitia katikati ya watazamaji. Waliobaki wanawe ndoo ikiwa tayari nyuma ya mlango, waingie kuongeza umati wakishakauka. Mtumishi anayekuja na habari za Octavius mwishoni mwa onyesho mfute, Octavius atajitokeza mwenyewe hivi karibuni.

Sukari ikimwagika sakafuni huteleza, kisha hunata. Tandika turubai pale Kaizari anapoangukia, na ndilo hilo hilo mnalombebea.

---

MsomaFolio alijibu:

Nimalizie lile la "aliandikiwa".

Wape wanafunzi karatasi, maneno hayatoshi. Alibatizwa Stratford-upon-Avon tarehe 26 Aprili 1564, baba yake mshonaji wa glavu aliyewahi kushika uongozi wa mji. Mwaka 1592 tayari kuna kijitabu kinachomkejeli London kama kunguru aliyejipamba kwa manyoya ya wenzake, na kinachezea jina lake. Machi 1595 hazina ya kifalme inaandika malipo kwa William Kempe, William Shakespeare na Richard Burbage kwa michezo iliyochezwa ikulu. Mwaka 1597 ananunua New Place, nyumba kubwa mjini kwao. Wosia wake wa 1616 unawaachia Burbage, Heminges na Condell shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete, na wawili kati ya hao ndio waliokusanya Folio. Watu waliofanya kazi naye kwa miaka mingi walijua nani aliandika.

Madai ya kwamba ni mtu mwingine yalianza kushika kasi katikati ya karne ya 19, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake. Mgombea anayependwa zaidi leo, Edward de Vere, mtu wa ukoo wa kikabaila mwenye cheo cha Earl wa Oxford, alikufa 1604. Tufani, Makbeth na Mfalme Lear zilikuwa bado. Na hoja ya kwamba mtoto wa fundi hakusoma haina miguu: shule ya mji wa Stratford ilifundisha Kilatini kutwa nzima, na kwa mchezo huu wenu alichohitaji ni kitabu cha Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale wa maisha ya watu mashuhuri, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Thomas North, 1579. Weka ukurasa wa North kando ya mchezo, utaona alivyobana. Sikukuu ya Lupercal, 15 Februari, na mauaji ya 15 Machi vimekaribishwa mpaka vinaonekana kama vimepishana usiku mmoja.

Ukitaka kuwapa ubishi wa kweli, waambie kwamba hakuandika yote peke yake. Titus ina mkono wa George Peele, Timon wa Thomas Middleton, na Henry VIII ni ya ubia na John Fletcher. Huo ndio ulikuwa mtindo wa kazi. Naye hakuishi kwa kuuza maandishi. Globe ilipojengwa 1599, kwa mbao za jumba lao la zamani la Shoreditch walilolibomoa Desemba 1598 baada ya kushindwana na mwenye kiwanja, ndugu wawili wa Burbage walishika nusu na waigizaji watano nusu nyingine. Shakespeare alikuwa mmoja wa watano, hisa yake moja ya kumi. Mtazamaji wa kusimama akitoa peni moja, sehemu yake imo.

---

MleziWaSanaa aliuliza tena:

Wakuu, mmenitoa gizani. Mawili ya haraka. Wasichana wangu ni wengi, wakicheza Brutus na Cassius kuna la kubadilisha kwenye maneno? Na vita vya mwisho vinanishinda, 12 hawafanyi majeshi mawili.

---

Nyuma_ya_Pazia alijibu:

Globe wanawake hawakupanda jukwaani, Portia alichezwa na mvulana na hakuna aliyeshangaa. Geuza tu. Usibadilishe maneno, waache wacheze wanaume kama wanaume. Kiswahili kinakusaidia, hakina jinsia kwenye kitenzi, na "bwana" mbili tatu hazisumbui.

Vita msivioneshe. Maelekezo ya Folio ni kelele za nje, ngoma na tarumbeta, wakati jukwaani wamesimama watu wawili watatu tu. Mpate ngoma moja nzito na mwanafunzi mmoja asiye na kazi sehemu ya tano, ambaye ni wa nane. Ngoma iwe mbali, nje ya dirisha, na inyamaze kabisa kila anapokufa mtu.

Kitu cha kuangalia sana ni Pindarus. Anapanda kilimani kumtazama Titinius, anaona wapanda farasi wanamzunguka, anaripoti ametekwa, na Cassius anajiua kwa habari hiyo. Kumbe walikuwa watu wao wakishangilia. Akisimama chini, watazamaji watajiuliza kwa nini Cassius haangalii mwenyewe. London alikwenda ghorofa ya nyuma ya jukwaa. Nyie mpandisheni kwenye kisanduku kingine imara, awe nyuma ya watazamaji, mwisho wa ukumbi, apige kelele kutoka huko, na Cassius abaki jukwaani akimsikia tu. Fanyeni mazoezi ya hapo mkiwa ukumbini wenyewe, maana sauti kutoka nyuma huchelewa na ngoma huimeza.

---

Maleba alijibu:

Na Cassius asiwe na sponji. Anachomwa na kisu kile kile cha Kaizari, maneno yanasema hivyo, basi kisu chenye rangi iliyokauka kinatosha. Shuka lake ni la kuazima.